Wasomaji Wanauliza: Fedha za Nyumba ni za Washington, Uamuzi ni wa Jimbo

Barua tulizozichagua mwezi huu zimetoka hasa kwa wasomaji wanaoishi Marekani, wengi wao wakiwa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliopokelewa huko kama wakimbizi, pamoja na barua moja kutoka Nakuru. Kila mmoja anauliza kwa namna yake jambo lile lile: fedha ambazo serikali ya shirikisho ya Marekani hutoa kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu hupita mikononi mwa nani kabla hazijamfikia mpangaji? Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, nimetoka Kivu ya Kusini na sasa ninaishi Louisville, Kentucky. Niliomba vocha ya nyumba nikaambiwa orodha ya kusubiri imefungwa. Mwenzangu wa kanisani akanishauri niwaandikie watu wa jimbo kwa kuwa fedha za nyumba ziko kwao, nao wakanijibu kwamba vocha za Louisville hazimo mikononi mwao. Nimwamini nani?

Mama, pole kwa usumbufu huo. Wote waliokujibu walisema kweli, lakini kila mmoja alikuwa akizungumzia fungu lake, na hakuna aliyekueleza kwamba mafungu yenyewe ni mengi na kila moja lina njia yake.

Vocha, yaani ahadi ya serikali ya kumlipia mpangaji sehemu ya pango lake, zile ambazo watu huziita Seksheni ya 8 na ambazo zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1974, hazipiti kwa jimbo. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, inayojulikana kwa herufi HUD, huingia mkataba moja kwa moja na mamlaka za nyumba za mahali, na mamlaka hizo zinazosimamia vocha ni zaidi ya 2,000 nchi nzima. Louisville ina mamlaka yake. Hata hivyo Kentucky ina kaunti 120, na nyingi kati yake hazina mamlaka yoyote ya nyumba. Huko shirika la nyumba la jimbo, Kentucky Housing Corporation lenye makao yake Frankfort, ndilo linalotoa vocha. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kusikia kwamba jimbo linatoa vocha na mwingine akasikia kwamba halitoi, na wote wakawa sahihi. Kwa faida yako: hakuna sheria ya shirikisho inayokuzuia kuomba kwenye orodha ya mamlaka zaidi ya moja, ijapokuwa mamlaka ya eneo usiloishi inaweza kukutaka ukae ndani ya eneo lake kwa miezi 12 ya kwanza kabla hujaihamishia vocha yako kwingine.

Fungu la pili ni la fedha zinazogawanywa kwa kanuni ya hesabu. Mpango wa HOME, uliotungiwa sheria mwaka 1990, hupeleka asilimia 40 ya fedha zake kwa majimbo na asilimia 60 kwa miji na kaunti kubwa. Fedha za maendeleo ya jamii zilizoanzishwa mwaka 1974 hugawanywa asilimia 70 kwa miji mikubwa na asilimia 30 kwa maeneo mengine, na tangu mwaka 1981 majimbo yameruhusiwa kuisimamia wenyewe ile asilimia 30. Mfuko wa Taifa wa Dhamana ya Nyumba, uliotungwa mwaka 2008 na kuanza kutoa fedha mwaka 2016, huenda wote kwa majimbo, na hakuna jimbo linalopata chini ya dola milioni 3 fedha zikitosha. Fedha za mafungu haya hazimfikii mpangaji mkononi. Huenda kwa wajenzi, kwa mashirika yasiyo ya faida na kwa serikali ndogo, mara nyingi kwa sura ya mkopo ambao hautadaiwa iwapo masharti ya pango yatatimizwa.

Fungu la tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote kwa ujenzi wa nyumba mpya za kupangisha, si fedha taslimu hata kidogo. Ni punguzo la kodi lililoanzishwa na sheria ya kodi ya mwaka 1986, na nitalieleza katika jibu linalofuata.

Mgawanyo huu una historia yake. Januari 1973 serikali ya Rais Richard Nixon ilisimamisha ruzuku mpya za nyumba zilizokuwa zikitolewa na Washington, na mwaka uliofuata Bunge likaanza kukusanya misaada midogo midogo kuwa mafungu makubwa yatakayoamuliwa karibu zaidi na wananchi. Mimi ninakubaliana na wazo hilo kwa msingi wake, kwa sababu ofisa wa Washington hawezi kujua kijiji gani cha milima ya Kentucky hakina maji safi. Lakini limemwachia mwananchi mzigo wa kujua mlango upi ni wa nani, na milango hiyo haifanani kati ya jimbo na jimbo. Texas, kwa mfano, ina idara ya nyumba inayosimamia punguzo la kodi na HOME, lakini fedha za maendeleo ya jamii kwa miji midogo ziko chini ya Idara ya Kilimo ya jimbo. Sheria ya Texas pia huitaka idara hiyo ya nyumba itumie asilimia 95 ya HOME yake katika maeneo yasiyopokea HOME moja kwa moja kutoka Washington, kwa hiyo mkazi wa Dallas au Houston anayeomba fungu hilo la jimbo, isipokuwa kwa watu wenye ulemavu, anajisumbua. Utakapokwenda ofisi yoyote, Mama, anza kwa kuuliza fedha unazozitafuta ni za fungu gani. Mengine yote hufuata hapo.

Swali: Mheshimiwa Mwandishi, mimi ni kiongozi wa jumuiya ya Waafrika wa Maziwa Makuu hapa Columbus, Ohio. Tumekuwa tukiomba lijengwe jengo la familia kubwa, lenye vyumba vitatu na vinne vya kulala, karibu na shule nzuri. Mjenzi mmoja alituambia kwamba hawezi kulijenga kwa sababu halitapata alama za kutosha. Alama hizo hutolewa na nani, na kwa kipimo gani?

Ndugu kiongozi, swali lako linagusa kiini cha jambo zima, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa urefu.

Kila mwaka serikali ya shirikisho hulipangia kila jimbo kiwango cha juu cha punguzo la kodi linaloweza kutolewa, kikihesabiwa kwa idadi ya watu. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa dola 3.00 kwa kila mkazi, na majimbo madogo yalihakikishiwa kima cha chini cha dola 3,455,000. Sheria ya Julai 2025 iliongeza asilimia 12 juu ya hesabu hiyo kuanzia mwaka 2026. Jimbo lenye watu milioni 4.5, mfano wa Kentucky, lilikuwa na takribani dola milioni 13.5 za kugawa kwa mwaka 2025. Nazo ni nyingi kuliko zinavyoonekana, kwa kuwa kila dola inayogawiwa hurudiwa kwa miaka 10.

Tuchukue jengo ambalo gharama zake zinazokubalika, bila ardhi, ni dola milioni 10, na nyumba zake zote ni za watu wa kipato cha chini. Kwa punguzo linaloitwa la asilimia 9, mwenye jengo hupata dola 900,000 kila mwaka kwa miaka 10, yaani dola milioni 9 za kupunguza kodi. Kwa kuwa mjenzi hana kodi kubwa kiasi hicho ya kupunguza, humwingiza mwekezaji, ambaye kwa kawaida ni benki. Wakikubaliana senti 85 kwa kila dola, jengo linapata dola milioni 7.65 za mtaji zisizodai riba wala marejesho. Hapo ndipo pango linapoweza kushushwa. Lipo pia punguzo dogo zaidi, la asilimia 4, linaloambatana na hatifungani, yaani hati za mkopo, zinazotolewa chini ya mamlaka ya jimbo, nalo halihesabiwi ndani ya kile kiwango cha kila mkazi.

Kwa kuwa waombaji wa punguzo la asilimia 9 ni wengi kuliko fungu lenyewe, shirika la jimbo huwashindanisha. Kwenu Ohio shirika hilo ni Ohio Housing Finance Agency. Sheria ya shirikisho hulitaka kila jimbo liwe na hati iitwayo mpango wa ugawaji, ipitie mkutano wa hadhara, kisha iidhinishwe na gavana. Ndani ya hati hiyo Washington imeweka mambo machache tu ya lazima: miradi inayohudumia watu wa kipato cha chini zaidi ipewe kipaumbele, na kadhalika ile inayokubali kukaa na masharti kwa muda mrefu zaidi, na ile iliyo katika maeneo maskini yenye mpango wa kuyafufua, angalau asilimia 10 ya punguzo iende kwa mashirika yasiyo ya faida, na vigezo kama mahali, mahitaji ya nyumba, watu wenye mahitaji maalumu na familia zenye watoto vizingatiwe. Vizingatiwe kwa alama ngapi? Hilo sheria haisemi. Jimbo moja linaweza kutoa alama nyingi kwa jengo lililo karibu na kituo cha basi, jingine kwa jengo la wazee, jingine kwa mjenzi anayebana gharama. Mjenzi wenu hakuwa na nia mbaya: aliisoma hati, akapiga hesabu ya alama, akaona kwamba vyumba vinne vya kulala karibu na shule nzuri vitamshinda, kwa sababu ardhi huko ni ghali na alama haziifidii gharama hiyo.

Uzito wa alama hizo ulifika hadi Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani. Shirika moja la Dallas, Inclusive Communities Project, liliishtaki idara ya nyumba ya Texas likidai kwamba kwa namna ilivyokuwa ikigawa punguzo la kodi, ilizirundika nyumba hizo katika mitaa ya watu Weusi na kuzinyima sehemu zenye Wazungu wengi. Takwimu zilizowekwa mbele ya mahakama zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 92 ya nyumba hizo katika jiji la Dallas zilikuwa kwenye maeneo ambamo Wazungu walikuwa chini ya nusu ya wakazi. Juni 2015, kwa kura 5 dhidi ya 4, na hukumu ikiandikwa na Jaji Anthony Kennedy, mahakama iliamua kwamba sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968 inaweza kuvunjwa kwa matokeo, hata pasipo kuthibitishwa nia ya ubaguzi. Ni kweli kwamba kesi iliporudishwa chini shirika hilo lilishindwa kuonyesha sera ipi hasa ya Texas ndiyo iliyoleta matokeo yale, likapoteza. Hata hivyo kanuni ilibaki, na tangu hapo hakuna shirika la jimbo linaloweza kusema kwamba alama zake ni hesabu tu.

Gharama nazo hutofautiana sana. Ofisi ya Bunge ya ukaguzi wa matumizi ya serikali ilichunguza mashirika 12 ya ugawaji na kutoa ripoti mwaka 2018: kwa majengo mapya yaliyokamilika kati ya 2011 na 2015, gharama ya kati ya nyumba moja ilikuwa kama dola 126,000 Texas na kama dola 326,000 California. Sehemu ya tofauti hiyo ni ardhi na mishahara, lakini sehemu nyingine ni masharti ambayo majimbo yenyewe yamejiwekea. Kila sharti jema linalogharimu fedha hupunguza idadi ya nyumba, na mtu anayeandika mpango wa ugawaji anapaswa kulipima hilo waziwazi mbele ya wananchi.

Ushauri wangu kwenu ni huu: msimwandikie mjenzi tena kwa sasa. Itafuteni rasimu ya mpango wa ugawaji wa Ohio kwenye tovuti ya shirika, tazameni tarehe ya mkutano wa hadhara, na mwombe kwa maandishi kwamba nyumba zenye vyumba vitatu na zaidi zipewe alama, mkiambatanisha hesabu ya familia zenu na ukubwa wake. Barua yenye hesabu husomwa, na rasimu hubadilika kabla ya kufika kwa gavana. Baada ya hati kutiwa saini, hata ofisa anayewahurumia hana la kufanya mpaka duru inayofuata.

Swali: Ninaishi katika jengo linaloitwa la gharama nafuu hapa Phoenix, Arizona, lakini pango langu linakula karibu nusu ya mshahara. Jirani yangu mwenye vocha analipa kidogo sana kwa nyumba kama yangu. Huu ni unafuu gani?

Dada, malalamiko yako ni ya haki, na chanzo chake kimo ndani ya sheria yenyewe. Mwenye vocha hulipa kiasi cha asilimia 30 ya kipato chake yeye, na serikali hujazia inayobaki. Katika jengo la punguzo la kodi, pango hupimwa kwa kipato cha kati cha eneo zima, yaani kile ambacho nusu ya familia ziko juu yake na nusu chini yake, na kwa idadi ya vyumba vya kulala. Tuseme kikomo cha asilimia 60 ya kipato cha kati kwa familia ya watu watatu katika eneo fulani ni dola 50,000 kwa mwaka. Asilimia 30 yake ni dola 15,000, yaani dola 1,250 kwa mwezi pamoja na umeme na maji, na hicho ndicho kikomo cha pango kwa nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Familia inayopata dola 50,000 inakaa vizuri. Inayopata dola 30,000 inaruhusiwa kuingia, nayo inatoa nusu ya kipato chake chote. Wala mwenye nyumba hajavunja sheria.

Washington ililiona pengo hili, na ndiyo maana ukaundwa ule mfuko wa mwaka 2008. Sheria yake inataka fedha hizo ziwafikie hasa watu wa kipato cha chini kabisa, ambao kwa kawaida ni walio chini ya asilimia 30 ya kipato cha kati, kwa angalau miaka 30. Chanzo chake si bajeti ya kila mwaka ya Bunge bali tozo juu ya biashara ya Fannie Mae na Freddie Mac, taasisi mbili zinazonunua mikopo ya nyumba, kwa hiyo fungu hupanda na kushuka kadiri mikopo inavyopanda na kushuka. Tatizo ni kwamba fungu ni dogo. Majimbo yanayojali huliunganisha na punguzo la kodi ndani ya jengo moja, ili nyumba chache katika jengo hilo ziwe na pango la chini kabisa, na mengine hutoa alama kwa mjenzi atakayetenga nyumba za asilimia 30. Muulize msimamizi wa jengo lako kama zipo nyumba za kiwango hicho na kama zina orodha yake ya kusubiri. Wapangaji wengi hawaulizi kwa sababu hudhani nyumba zote za jengo moja ni za kiwango kimoja.

Ukipata vocha huko mbele, fahamu pia kwamba mwenye jengo la punguzo la kodi hawezi kukukataa kwa sababu tu una vocha. Katika soko la kawaida, majimbo mengi bado yanamruhusu mwenye nyumba kukataa.

Swali: Nimepandishwa cheo kazini na kipato changu kimevuka kikomo cha jengo. Je, nitafukuzwa? Na mdogo wangu anayesoma chuo anaweza kupanga katika jengo hilo?

Hutafukuzwa kwa sababu ya kipato kupanda. Kikomo hupimwa unapoingia. Kipato kikizidi asilimia 140 ya kikomo, katika jengo ambalo si nyumba zake zote ni za mpango huu, wajibu unakuwa wa mwenye jengo, ambaye hulazimika kuipangisha nyumba inayofuata kuwa wazi kwa mtu wa kipato cha chini. Tena katika majengo haya mpangaji haondolewi bila sababu ya msingi.

Kuhusu mdogo wako, kaya ambayo wote ni wanafunzi wa muda wote kwa kawaida hairuhusiwi, isipokuwa kwa hali zilizotajwa, kama vile wanandoa wanaowasilisha hesabu za kodi pamoja au mzazi anayelea watoto peke yake. Akikaa nawe unayefanya kazi, kaya haihesabiwi kuwa ya wanafunzi watupu.

Swali: Tuko Houston, Texas. Tumesikia jengo letu litauzwa kwa sababu miaka 15 imekwisha. Jimbo haliwezi kuzuia?

Ndugu zangu, hapa kuna miaka ya aina mbili, na wamiliki wengine hutaja aina moja tu. Miaka 15 ya kwanza ni muda ambao mwekezaji anaweza kunyang'anywa punguzo lake la kodi endapo masharti yatavunjwa. Ikimalizika, mwekezaji huondoka, na ni kawaida jengo kubadili wamiliki. Lakini kwa majengo yaliyopewa punguzo tangu mwaka 1990, masharti ya pango huendelea hadi miaka 30 kwa uchache, yakiwa yameandikishwa kwenye hati ya ardhi, na mnunuzi mpya huyarithi pamoja na jengo.

Upo mwanya mmoja. Baada ya mwaka wa 14 mmiliki anaweza kuliomba jimbo limtafutie mnunuzi kwa bei inayopangwa na kanuni ya sheria, na jimbo likishindwa ndani ya mwaka mmoja, masharti huisha. Kwa kuwa bei hiyo mara nyingi ni kubwa kuliko thamani ya jengo sokoni, wanunuzi hawajitokezi. Nyumba nyingi za watu maskini zimepotea kwa njia hii, na kwa maoni yangu ni kasoro ambayo Bunge lilipaswa kuirekebisha zamani. Majimbo mengi hayakusubiri: humtaka mwombaji aiache haki hiyo tangu siku ya kuomba, na California huongeza muda wa masharti hadi miaka 55. Hata mwanya huo ukitumika, wapangaji mliomo hulindwa kwa miaka mitatu mingine: hamtaondolewa bila sababu ya msingi, wala pango kupandishwa kupita kiwango kilichoruhusiwa.

La kufanya sasa ni kuiomba ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti nakala ya makubaliano ya masharti ya jengo lenu, kisha kuiuliza idara ya nyumba ya Texas, kwa anwani ya jengo, masharti yanaisha mwaka gani. Idara hiyo ina wajibu wa kukagua majengo haya na mafaili yake angalau mara moja kila miaka mitatu, na inapokuta kasoro huitaarifu mamlaka ya kodi ya shirikisho. Wakaguzi hawatajua bomba lililopasuka msipowaeleza.

Swali: Hapa Kenya tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Je, kaunti zetu zina nafasi kama ya majimbo ya Marekani? — Msomaji wa Nakuru

Hapana, haifanani. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini Machi 2024 baada ya Mahakama Kuu kuikataa tozo ya kwanza mwezi Novemba 2023, hukusanya asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hicho hicho kwa mwajiri, na fedha huingia katika mfuko mmoja unaosimamiwa na bodi ya kitaifa. Kaunti zina kamati za kupanga na kupendekeza, lakini hazipokei fungu lao kwa kanuni ya idadi ya watu, wala haziandiki vigezo vya alama vinavyomfunga mjenzi. Tofauti ya pili ni kwamba sehemu kubwa ya nyumba za Kenya hujengwa ili mkazi azinunue polepole, wakati nyumba nilizozieleza hapa ni za kupanga. Ukiniuliza ningependa Kenya iazime nini, ningetaja ile hati ya ugawaji inayotangazwa kabla ya fedha kutoka, pamoja na mkutano wake wa hadhara, ili mkazi wa Nakuru ajue kwa nini mradi umeanza Kericho kabla ya kwake, au kinyume chake.

Swali: Bunge hupitisha bajeti, kisha tunasubiri miaka bila kuona jengo. Fedha hukaa wapi? Na sisi tusiojua Kiingereza vizuri tunaweza kusema lolote? — Msomaji wa Portland, Maine

Fedha za HOME hazikai kwenye akaunti ya jimbo. Bajeti ikipita, HUD hupiga hesabu ya kila jimbo. Jimbo huandika mpango wa matumizi wa mwaka, ulio sehemu ya mpango mkubwa wa miaka mitatu hadi mitano, na kuuweka mbele ya wananchi kwa siku 30 ili watoe maoni. HUD huupitia kwa siku 45, mkataba hutiwa saini, ndipo jimbo linapotangaza mashindano. Mradi ukishinda hufuata ukaguzi wa mazingira, na ni marufuku kuanza ujenzi kabla haujakamilika. Sheria hulipa jimbo miezi 24 ya kuzifunga fedha kwa miradi mahususi, ingawa kwa miaka ya karibuni Bunge limekuwa likilisitisha sharti hilo, na mradi una miaka minne ya kukamilika. Fedha huvutwa kutoka hazina ya shirikisho kidogo kidogo, kadiri hati za malipo zinavyowasilishwa. Nyumba isiyopata mpangaji anayestahili ndani ya miezi 18 baada ya kukamilika hulilazimu jimbo kuzirudisha fedha zake. Ongeza juu ya hayo kwamba jimbo linapaswa kuchangia senti 25 kwa kila dola ya HOME inayotumika kwenye nyumba, na kwamba jengo moja mara nyingi huhitaji mafungu manne au matano yenye kalenda tofauti. Ninaona ukaguzi mwingi kati ya huu una sababu yake, hasa ule wa mazingira, lakini kalenda zisizolingana hazina utetezi, na majimbo yaliyoamua kupokea maombi ya mafungu yote kwa fomu moja na siku moja yameonyesha kwamba sehemu hii ya ucheleweshaji inaweza kuondolewa.

Kuhusu lugha, kanuni za mpango huo hulitaka jimbo liwatie moyo wasiozungumza Kiingereza washiriki, na lieleze litakavyowahudumia kwenye mikutano ambako wengi wao wanatarajiwa kufika. Waandikieni MaineHousing, shirika la nyumba la jimbo lenu, majuma kadhaa kabla ya mkutano, mkisema mtakuja wangapi na kwamba mnahitaji mkalimani wa Kiswahili. Maoni ya maandishi nayo hupokelewa katika zile siku 30, na jimbo hulazimika kuyafupisha ndani ya mpango wake, pamoja na sababu za kila oni lililokataliwa, kabla ya kuupeleka HUD.